Mahindi Manene ya Mwenyekiti

Nilipofungua maabara yangu Kaaga, Meru, nyuma ya ukuta wa shule moja, majirani walibishana kwa muda mrefu kuhusu kilichokuwa ndani. Walipoambiwa kwamba napima vinasaba vya mahindi, walicheka hadi wakashika mbavu.

"Hindi liko na DNA ya nini?" aliuliza mama mmoja anayeuza ndizi hapo njiani. "Kwani limekataa mtoto?"

Baada ya kicheko wakaanza kuja mmoja mmoja, wanaume wenye viti vyao kanisani, wakinong'ona mlangoni kama wezi. Walitaka niwapimie watoto. Niliwafukuza wote. Niliwaambia nyumba hii ni ya mimea, na ikiwa mtu ana shaka na mke wake aende akazungumze na mke wake.

Mimi sina digrii. Nina diploma, na nimeitundika ukutani mahali ambapo kila anayeingia ataiona kabla hajaniona mimi. Nilizaliwa Kianjai, katika boma ambalo hakuna aliyewahi kulipiwa karo na mtu wa nje. Uholanzi nilienda kuchuma nyanya katika mabanda ya plastiki. Kutoka kwenye nyanya nikaingia kuosha vioo katika maabara ya mbegu, na kutoka kwenye vioo nikawa ndiye ninayeshika mashine wakati wenye vyeti virefu wakinywa kahawa. Diploma niliisomea huko huko, jioni, nikiwa bado nanuka sabuni ya kuoshea vioo. Mashine zilizoko Kaaga nilizinunua zikiwa zimetumika, nikazifunga mwenyewe, nikazisafirisha, nikazifungua mwenyewe. Hakuna mheshimiwa aliyekata utepe. Ndiyo maana nikiona mtu mwenye digrii mbili anashika kifaa cha kunyonya matone kama anayeshika nyoka, sisikii huruma yoyote.

Kazi yenyewe si uchawi. Mbegu chotara ya mahindi ina mama na baba, na wote wawili wanajulikana. Katika shamba la mbegu, mistari ya mama hupandwa kando ya mistari ya baba. Mbelewele za mama hung'olewa kabla hazijamwaga chavua, ili baba peke yake ndiye atakayezalisha. Yanayovunwa kwenye mistari ya mama ndiyo mbegu. Zamani, ili kujua kama mbegu hiyo ni safi, watu waliipanda, wakangoja ikue, wakaitazama kwa macho. Mimi nachukua punje, natoa vinasaba, natafuta alama chache ambazo mama anazo na baba hana, na ambazo baba anazo na mama hana. Alama hizo hutokea kwenye picha kama mikanda midogo. Punje halali huonyesha mkanda wa mama na mkanda wa baba. Punje haramu hujitaja yenyewe.

Na haramu zina aina. Hili ndilo jambo ambalo wajinga hawataki kulisikia. Punje yenye mama peke yake inasema kwamba mbelewele hazikung'olewa vizuri, mama akajizalisha. Punje yenye mama pamoja na mgeni inasema kwamba chavua ilikuja na upepo kutoka shamba la jirani. Ukijua aina ya uchafu, umejua mchafuzi alifanya nini.

Kampuni moja ndogo ya Embu iliniletea sampuli ya mbegu iliyozalishwa Kiambere, na kikundi cha wakulima wanaovuta maji ya bwawa kwa pampu. Meneja wa kampuni hiyo ndiye mwenye zile digrii mbili. Nilipima. Punje nyingi zilikuwa halali, lakini zisizo halali zilikuwa nyingi kupita kinachokubalika, na zote zilikuwa za aina moja ya ajabu. Nikampigia simu.

"Bwana, mimi sihitaji somo," alinikatiza. "Ni safi ama si safi?"

"Si safi. Lakini uchafu wenyewe si wa..."

"Asante sana. Hiyo tu."

Akakata simu. Digrii mbili, na hana subira ya kumaliza sentensi moja.

Nilichokuwa nataka kumwambia kilikuja kunitafuta kwa miguu. Asubuhi moja mwanamke aliingia maabara akiwa na kiondo mgongoni, kamba yake ikiwa kwenye paji la uso. Hakubisha hodi. Alitazama mashine, akaitazama diploma, akanitazama mimi.

"Ni wewe uliandika ati mimi ni mchafu?"

"Mama, karibu ukae kwanza."

"Sikukuja kukaa. Nimetoka Kiambere hata uji sijakunywa. Nimeuliza, ni wewe?"

Nilimwambia sijawahi kuandika jina la mtu yeyote, naandika habari za punje. Hapo akatua kiondo, akakaa bila kukaribishwa tena, na akanieleza. Meneja alikuwa amemwambia mwenyekiti wa kikundi kwamba mbegu imechafuka. Wawili hao wakakaa, wakafikiri, kama kufikiri ndiko kule, wakaamua ni upepo. Shamba la huyu mama ndilo la mwisho mpakani, na ng'ambo ya ua jirani alikuwa amepanda mahindi yake ya kula. Kwa hiyo mchafuzi ni yeye. Na kikundi kilikuwa na sheria: anayeharibu mbegu ananyang'anywa zamu ya maji.

"Wamefunga koki yangu na kufuli," alisema. "Ufunguo mwenyekiti anatembea nao kiunoni kama askari jela. Mkutano ukikaa, zamu yangu inapewa ndugu yake. Ndengu zangu ziko na maua saa hii. Unajua ndengu ikikosa maji na maua?"

Nilijua. Maua huanguka, na mtu huvuna majani. Mumewe alikuwa mlinzi Embu mjini na alikuja nyumbani alipoweza. Shamba lile la maji ndilo lililowalisha. Huko chini, mtu asiye na zamu ya maji hana shamba, ana kiwanja.

Nikamwonyesha picha.

"Hii ni nini? Ngazi?"

"Kila safu ni punje moja. Huu mkanda ni wa mama. Huu ni wa baba. Ukiona yote miwili, punje ni halali."

"Na hii?"

"Hiyo ndiyo chafu. Baba yupo, unamwona? Ni yule yule. Lakini mama hayupo. Mahali pake yuko mwingine ambaye simjui."

Aliinamia picha hadi pua ikakaribia kuigusa. "Kwa hivyo baba ni mmoja. Mama ndiye ametoka nje."

"Ndiyo."

"Upepo unabeba mama?"

"Upepo haubebi mama. Upepo hubeba chavua, na chavua ni ya baba. Mama hubebwa na mkono wa mtu, akapandwa ardhini."

Alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Basi hao wazee ni wajinga!"

"Mimi sijasema hivyo."

"Mimi ndio nimesema. Wewe pima." Akaingiza mkono kiondoni, akatoa mahindi manne yaliyofungwa kwa maganda yake. Yalikuwa meusi kwa masizi. "Haya ni ya mistari ya mama, shambani kwangu. Usiniulize yalikuwa wapi. Uko na pua."

Mkataba wa kampuni ulikataza mkulima kubaki hata na punje moja ya mbegu. Kila mkulima aliutia sahihi, na kila mkulima akapeleka mahindi machache jikoni, juu ya mafiga, moshi uyatunze. Watu wa Mbeere, huko Kiambere, na watu wa Meru tunafanana kwa hilo: hatuwezi kuvuna shamba lote na kulitoa lote nyumbani. Hata Kianjai, mama yangu asingekubali. Jiko lisilo na hindi juu ya moto huonekana kama nyumba iliyohamwa.

Mahindi ya mwanamke huyo yalikuwa madogo, membamba, yenye mapengo ya punje. Yaani yalikuwa mazuri. Msomaji ambaye hajafanya kazi hii atashangaa, kwa hiyo nitaeleza. Mama wa mbegu chotara amezalishwa na ukoo wake mwenyewe kizazi baada ya kizazi hadi akadhoofika. Ni mfupi, ana sura ya njaa, na huzaa hindi la kutia aibu. Nguvu zote hujitokeza kwa mtoto wake, si kwake. Shamba safi la mbegu halipendezi macho.

Sikungoja punje ziote. Nilizitoboa na kuchukua unga wa kiini, nikiepuka ganda, maana ganda ni la mama peke yake na humdanganya mpimaji mvivu. Majibu yalikuwa yale niliyotarajia: mama yupo, baba yupo, punje baada ya punje. Nikampigia meneja.

"Amekuletea mahindi aliyoyachagua mwenyewe," alisema. "Hiyo si sampuli ya shamba."

Hapo alisema kweli, na iliniuma kwamba kweli ipitie kinywa kile. Lakini kweli hiyo ilikuwa na dawa.

"Basi twende tukachukue ya kila mtu."

"Ya kila mtu yako kwa ghala, yamepukuchuliwa na kuchanganywa."

"Si yote," nikamwambia.

Tukateremka Kiambere kwa gari lake. Ukitoka Embu unaacha majani ya chai na kahawa, hewa inakuwa nzito, udongo unageuka mchanga, na mwishowe unaliona bwawa, maji mengi kupindukia yaliyolala kati ya vilima vilivyokauka kama ngozi ya ng'ombe. Maji yapo, na anayeyapata ni mwenye pampu tu. Serikali imeyageuza umeme, na umeme wenyewe unapita juu ya vichwa vya wenyeji ukienda kwa wengine. Meneja alikuwa akinieleza habari za masomo yake alipoingiza gari mchangani na likazama. Nilikuwa nimemwambia apite upande wa juu.

Kikundi kilikuwa kimekusanyika ndani ya ghala la mabati. Wanaume walikuwa wakitafuna majani ya muguka. Mwenyekiti alisimama kutupokea, mzee wa kanisa, shati limenyooshwa, ufunguo wa koki ukining'inia kiunoni kweli. Msimu wote meneja alikuwa akiwapeleka wageni katika shamba la mzee huyo na kuliita shamba la mfano. Alikuwa na picha yake kwenye simu, ameshika hindi nene kama mkono wa mtoto, anacheka. Aliponionyesha picha hiyo njiani nilimuuliza kama hindi hilo limetoka kwenye mistari ya mama. Akasema ndiyo, kwa fahari. Nikamwacha na fahari yake. Kuna ujinga ambao ukiuingilia mapema unauharibu.

"Daktari wa Meru!" mwenyekiti alisema. "Karibu muguka. Hii ni laini, si kama miraa yenu, mtu anatafuna kijiti kama mbuzi amekosa nyasi."

"Mimi si daktari, mzee. Nina diploma."

"Diploma tu?" mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Diploma tu. Mwenye digrii ni huyu, na gari lake liko kwa mchanga pale chini. Mkimaliza kucheka mtatusaidia kulisukuma."

Walicheka kweli, isipokuwa meneja. Nikawaeleza nilichokuja kutafuta: mahindi machache ya mistari ya mama, kutoka kila shamba. Kicheko kikakatika.

"Hapa hakuna hata punje," alisema mwenyekiti. "Tulitia sahihi."

"Hata punje," wakaitikia, kama watu wanaojibu sala.

Wanawake walitazama chini. Mwanamke wa ndengu akasimama.

"Mimi niliweka jikoni," alisema. "Nimepeleka Kaaga, yamepimwa. Sasa nyinyi endeleeni kuapa. Kutoka hapa naona moshi wa majiko yenu, na najua nini kiko juu ya huo moshi. Ama nitembee na huyu mgeni nimwonyeshe, jiko kwa jiko?"

"Mama, kaa chini," mwenyekiti akamwambia. "Mkutano haujakupa nafasi."

"Ufunguo mnao, maji mnayo, na nafasi pia ni yenu? Nimejipa."

Nilimgeukia meneja na kumwambia, mbele yao wote, kwamba aahidi hakuna atakayeadhibiwa kwa mahindi ya jikoni. Alisitasita, akatazama saa yake, akaahidi. Ghala likabaki na wanaume tu. Wanawake walirudi mmoja mmoja na vifurushi ndani ya leso, wakiviweka mbele yangu bila kunitazama usoni. Mahindi madogo. Mahindi membamba. Nilikuwa nikiyaweka kwenye mifuko, nikiandika juu ya kila mfuko ni wa shamba gani.

Wa mwisho kufika alikuwa mke wa mwenyekiti. Hakuficha kitu ndani ya leso. Alikuja amebeba shada zima lililosukwa kwa maganda, mahindi manene, punje zimepangana bila nafasi, na akalishusha mbele ya wenzake kwa namna ya mwanamke aliyengoja siku hiyo.

"Wengine waliweka ya kuku," alisema. "Sisi tuliweka mahindi."

"Hayo ndiyo nilikuwa nakuambia," meneja alininong'oneza. "Shamba la mfano."

Ningeweza kuwaambia pale pale. Macho yangu yalijua. Lakini nimewadharau watu wanaohukumu kwa macho tangu nilipokuwa naosha vioo, na sikwenda Kiambere kuwa mmoja wao. Nikafunga mfuko, tukasukuma gari, tukapanda kurudi.

Huko Kaaga nilifanya kazi bila kupumzika, kwa sababu nilizifikiria zile ndengu. Mahindi ya mashamba mengine yalitoa mikanda halali. Ya mwenyekiti yalitoa baba yule yule, na badala ya mama akatokea mgeni yule yule niliyemwona katika sampuli ya kwanza. Nilirudia kwa alama nyingine, zile ambazo hazitegemeani, ili asitokee mtu kusema mashine ilikosea. Haikukosea. Mashine zangu hazikosei, kwa sababu sishiki kitu nikiwa na haraka ya kukata simu.

Tuliporudi, ghala lilijaa hadi mlangoni. Nilibandika picha ukutani, nikaeleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeelewa: baba ni mmoja, yule aliyeletwa na kampuni. Mama ni wawili. Mmoja aliletwa na kampuni. Mwingine alitoka kwenye gunia la mtu, akapandwa kwa mkono katika mistari ya mama.

"Yaani shamba limeoa mke wa pili!" mwanamke wa ndengu alisema kwa sauti.

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Hata wazee walicheka, muguka ukiwatoka mdomoni. Kisha nikasema shamba hilo ni la nani.

Kicheko kilikufa polepole, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mke wa mwenyekiti aliangalia shada lake, lile lililobaki, nililokuwa nimelirudisha mezani. Mwenyekiti hakukana. Kwa hilo nitamsifu. Alisimama wima, mkono mmoja juu ya ufunguo.

"Nilijazia mapengo," alisema. "Mbegu ya kampuni haikuota yote. Mnataka niache shamba na mashimo? Mimi? Wageni wanapita, watoto wa kanisa wanapita, waone mistari yangu imeng'oka kama meno ya mzee? Nikachukua mbegu yangu ya nyumbani nikajazia. Pengo ni aibu. Baba yangu hakuacha pengo, babu yangu hakuacha pengo."

Na nusu ya watu mle ndani wakatikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo nilipowadharau zaidi. Hawakuwa wanamsikitikia tu. Waliona amefanya jambo la maana. Kwao, mtu anayepita mahali mbegu haikuota bila kudondosha punje nyingine ni mvivu ambaye hafai kupewa binti. Walifundishwa na maofisa wa kampuni kwamba pengo liachwe. Walisikia, wakaandika, wakapiga makofi. Kisha wakaenda shambani na mkono ukafanya ulichozoea. Mahindi ya kienyeji, yenye nguvu zake zote, yakasimama katikati ya akina mama wale dhaifu, yakazaa mahindi manene, na mwenye digrii mbili akaja akapiga picha nayo.

Nilimtazama meneja. Alikuwa ameinamia simu yake, kidole kikifuta kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na haraka ya kuzungumza.

"Na wewe?" mzee mmoja akamuuliza mwanamke wa ndengu, kwa ukali, kama vile yeye ndiye bado mshtakiwa. "Shamba lako lilikuwa na mapengo kila mahali. Tulikuwa tunapita tukicheka. Mbona hukujazia?"

"Kwa mbegu gani? Mahindi ya nyumbani tulikuwa tumekula yakaisha. Ningekuwa nayo ningejazia kama nyinyi. Msinifanye mtakatifu."

Nilipenda jibu hilo. Kuna waandishi ambao wangemfanya aseme jambo la hekima.

Mbegu yenyewe haikuweza kuokolewa. Ilikuwa imepukuchuliwa na kuchanganywa, na hakuna mashine duniani, hata yangu, inayoweza kuketi chini na kutenga gunia moja baada ya jingine punje kwa punje. Ilikwenda kwenye kinu cha posho, jasho la msimu wa kila mtu likawa unga. Waliponung'unika niliwaambia wamshukuru Mungu kwamba haikuuzwa, kwa sababu kuna mkulima mahali fulani, labda Kianjai kwetu, ambaye angeinunua akiamini ni chotara na kuvuna shamba la vituko.

Likabaki swali la maji. Kila mtu aliijua sheria. Siku chache kabla walikuwa na haraka nayo. Sasa katibu wa kikundi aligundua kwamba mambo kama haya yanahitaji maombi.

"Tusameheane," alisema. "Sisi ni Wakristo. Mwenyekiti hakukusudia."

"Amina," wengine wakaitika.

Mwanamke wa ndengu alicheka kicheko kikavu. "Juzi mlipokuwa mnafunga koki yangu, Ukristo ulikuwa umeenda sokoni? Mimi nilikusudia upepo?"

"Mama, tuangalie mbele," meneja alisema.

"Wewe angalia simu yako."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama. Nadhani alikuwa akitafuta maneno ambayo mzee wa kanisa anaweza kuyasema mbele ya mke wake na watu aliowaongoza.

"Zamu yako kaa nayo," mwanamke alimwambia. "Sitaki maji ya mtu. Wakikunyang'anya, ni wao, wakikuachia, ni wao. Mimi nataka yangu. Leo ni siku yangu, na saa hii tayari ndugu yako ndiye anamwagilia."

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Katibu alianza kusema kwamba ufunguo hutolewa kwa azimio la kikundi. Hakumaliza. Mwenyekiti alifungua mshipi wake, polepole, kwa sababu ufunguo ulikuwa umeingizwa kwenye mshipi wenyewe, na ikambidi ashike suruali kwa mkono mmoja mbele ya mkutano wote alipokuwa akiutoa. Akauweka kwenye kiganja cha mwanamke. Mke wake alitazama ukutani, kwenye picha ya mikanda yangu, kana kwamba sasa ndipo alipoanza kupenda kusoma.

Nilitoka nyuma ya mwanamke, maana kazi yangu mle ndani ilikuwa imekwisha na sikutaka kusikia maombi ya katibu. Alitembea kwa haraka kando ya bomba, jembe begani. Ndugu wa mwenyekiti alikuwa ameinama shambani kwake. Alipomwona na ufunguo mkononi alisimama wima. Mwanamke alipita bila kumsalimu. Alifungua kufuli, akazungusha koki yake hadi mwisho, kisha akaenda akafunga ya mwenzake.

Ndengu zilikuwa zimekunja majani. Maua mengine yalikuwa yameshaanguka, ya manjano, juu ya mchanga. Mengine yalikuwa bado yameshika. Nilisimama nikiyatazama, nikijiambia kwamba hakuna mwenye digrii mbili katika kaunti nzima ambaye angeyapatia maua hayo maji kwa punje chache zilizotobolewa.

"Wewe wa diploma," mwanamke aliniita, bila kuinua kichwa, jembe likifungua mdomo wa mfereji. "Toa miguu hapo. Maji yanakuja."